Udongo wa Kabla ya Jaa

Mimi ni mtoto wa Dandora. Niulize lolote kuhusu mtaa huu nitakujibu: matatu gani hufika hadi mwisho wa Phase Four mvua ikinyesha, kibanda gani huuza chapati kubwa, saa ngapi moshi wa jaa hushuka vichochoroni. Lakini mwaka 2019 niliulizwa swali moja nikaduwaa, kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa babu yake.

Aliyeniuliza alikuwa msichana wa chuo kikuu. Alikuja kuchukua sampuli za udongo kwa ajili ya utafiti wake wa digrii, akahitaji kijana wa mtaa wa kumwonyesha njia na kumbebea ndoo. Kijana huyo nikawa mimi, kwa malipo ya soda na shilingi mia tatu. Basi tukawa tunazunguka. Anachimba shimo la kina cha shubiri moja hivi, anachota udongo kwa mwiko, anautia mfukoni, anaandika mahali na tarehe, kisha anauosha mwiko kwa maji ya chupa kabla ya kuchimba tena. Nikamuuliza mbona ahangaike kuosha mwiko ambao anaurudisha kwenye uchafu ule ule.

"Nisipouosha," akasema, "shimo la pili litasema maneno ya shimo la kwanza."

Tulipofikisha mifuko kumi na miwili nikadhani kazi imekwisha. Akaketi juu ya jiwe, akapangusa jasho, akaniuliza: "Na kabla ya jaa, udongo wa hapa ulikuwaje?"

Nikacheka. Nani anajua? Mimi nilizaliwa nikalikuta jaa. Kwangu mimi jaa ni kama mlima, halina siku ya kuzaliwa. Lakini yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mifuko ile kumi na miwili, peke yake, haina maana. Maabara itamwambia kuna risasi kiasi fulani, zebaki kiasi fulani, kadmiamu kiasi fulani. Lakini risasi kidogo imo katika udongo wowote duniani, hata ule ambao haujawahi kuona lori. "Sasa mimi nitajuaje ni ipi iliyoletwa na taka," akaniuliza, "na ni ipi aliyoiweka Mungu?"

Swali hilo lilinifuata nyumbani, likalala nami, likaamka nami. Nikaanza kusoma. Haya ninayoandika ni matokeo yake.

Tuanze mbali kidogo. Nairobi ina udongo wa aina mbili kubwa. Upande wa magharibi na kaskazini, kwenye miinuko, kuna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Panda chochote, kitaota. Upande wa mashariki, kwenye tambarare inayoelekea Athi, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaokwambia uache kiatu wakati wa masika na kupasuka nyufa za kumeza mkono wakati wa kiangazi. Aina zote mbili zimetokana na mawe ya volkano, lakini zimelelewa tofauti na maji na mteremko.

Reli ilipofika mwaka 1899 na mji ukaanza, wakoloni waliitambua tofauti hiyo upesi sana. Wazungu wakajichukulia miinuko. Mwaka 1913 daktari mmoja Mwingereza, W. J. Simpson, aliletwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, na katika ripoti yake akapendekeza watu wakae kwa kutengwa, kila rangi na mtaa wake. Waafrika wakasukumwa mashariki: Pumwani, baadaye Kaloleni, Makongeni na kuendelea. Kwa hiyo hata kabla ya takataka ya kwanza kumwagwa Dandora, udongo na rangi ya ngozi vilikuwa vimekwisha kupangwa pamoja katika mji huu. Liweke hilo akilini, msomaji, tutalirudia.

Dandora yenyewe ilizaliwa katikati ya miaka ya 1970. Serikali na Benki ya Dunia walikuwa na mpango wa viwanja 6,000: unapewa kiwanja kilichokwisha wekewa maji na bomba la maji taka, kisha unajijengea taratibu kadiri mfuko unavyoruhusu. Ulikuwa mpango wa kuwapa watu wa kipato cha chini mahali pao. Na karibu wakati huo huo, mwaka 1975, ukingoni mwa mtaa, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, Halmashauri ya Jiji ikafungua jaa. Nyumba na jaa ni mapacha.

Nilimuuliza mamangu. Yeye alifika Dandora mwaka 1981 akiwa mke mpya.

"Lilikuwa shimo, mwanangu," akasema. "Ulikuwa unasimama ukingoni unaangalia chini."

"Na sasa?"

"Sasa si unaona mwenyewe? Tunaangalia juu."

Nilipomwambia yule msichana maneno ya mamangu, aliyaandika neno kwa neno. Akasema hayo ni ushahidi. Hebu fikiri nami. Kama pale palikuwa na machimbo, basi udongo wa mwanzo uliondolewa hata kabla ya taka kufika. Watu walifukua udongo ili wafikie jiwe, na jiwe likaenda kujenga mji. Kwa hiyo ukichimba chini ya jaa lote mpaka mwisho, hutaukuta udongo wa asili umekaa pale ukikungoja. Utakuta mwamba uliokatwa. Kumbukumbu ya pale ilibebwa na malori mara mbili: mara ya kwanza wakitoa, mara ya pili wakileta.

Na mtaani kwenyewe je? Hapo pia kuna tatizo. Muulize fundi yeyote wa ujenzi wa Eastlands. Udongo mweusi hauna uaminifu, unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, nyumba inapasuka. Kwa hiyo fundi huuondoa na kujaza kifusi cha murram kutoka kwingine. Udongo ulio mbele ya mlango wako huenda ni mgeni kuliko wewe. Hata ule ambao haukuguswa una tabia yake: kiangazi ukipasuka, vumbi la juu huangukia nyufani hadi chini, masika ukivimba, wa chini husukumwa juu. Unajigeuza wenyewe polepole, mwaka hadi mwaka. Huwezi kusema tu, "Wa juu ni wa jana, wa chini ni wa zamani."

Basi dawa ni moja. Kama hali ya mwanzo haipatikani pale pale, utafute ndugu yake mahali pengine: udongo ambao haukumwagiwa kitu, uupime, uuite udongo wa kulinganishia. Kazi ya kusafisha eneo la taka lililofungwa hutegemea sana udongo huo. Ukisema "tutaondoa uchafu mpaka udongo urudi kama kawaida," ni lazima kwanza uwe na kawaida.

Dandora ilikwisha kufanyiwa hivyo mara moja. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yapo hapa hapa Nairobi, kule Gigiri, lilitoa ripoti kuhusu jaa letu. Wakati huo jaa lilikuwa na ekari kama 30, likipokea taka zinazokadiriwa tani 2,000 kwa siku, ingawa lilitangazwa kujaa tangu mwaka 2001. Watafiti walipima udongo na wakapima watoto 328 wa kati ya miaka 2 na 18. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa siku zile, yaani mikrogramu 10 kwa desilita. Katika sampuli 42 kwa kila 100 za udongo, risasi ilizidi sehemu 400 kwa milioni, wakati udongo usiochafuliwa ulihesabiwa kuwa na 50. Sampuli mbaya kabisa zilifika 13,500 za risasi na 1,058 za kadmiamu. Na unajua zililinganishwa na nini? Na viwango vya Uholanzi: 150 kwa risasi, 5 kwa kadmiamu.

Uholanzi, ndugu zangu! Nchi ya matope ya mto na bahari, isiyo na volkano hata ya dawa. Siwalaumu watafiti. Mtoto akiwa na homa hungoji kutengeneza kipimajoto chako, unaazima cha jirani. Na kwa 13,500 hata kipimo cha kuazima kinatosha. Hakuna anayehitaji kujadiliana. Lakini ukifika kwenye sampuli ya 90, au ya 120, ndipo utakapojua kwamba kipimo cha kuazima kina mwenyewe.

Ripoti ile ilifanya jambo jingine la maana: ilichukua udongo wa Waithaka, huko Dagoretti, ikaulinganisha na wetu. Yule msichana naye akataka kufika huko. Tukapanda matatu mbili, moja hadi tauni, nyingine hadi Waithaka. Tukapata shamba la mzee mmoja mkarimu, lina migomba na majani ya ng'ombe. Mzee akasema, "Chimbeni tu, wajukuu, ila msinichimbie viazi." Msichana akatoa mwiko. Mimi nikaangalia shimo, nikamwangalia yeye.

"Lakini huu ni mwekundu," nikasema.

Akatabasamu. "Umeona sasa?"

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake. Udongo mweusi una mfinyanzi mwingi, unashika metali kwa namna yake. Mwekundu una chuma kingi, unashika kwa namna nyingine. Waithaka inaweza kukuonyesha kwamba Dandora kuna balaa, na ilionyesha. Lakini siku ya kusafisha, siku ya kuamua katapila lichimbe nusu mita au mita mbili, utahitaji ndugu wa damu. Tukaenda siku nyingine mashariki, nje kabisa ya jiji, kwenye tambarare ile ile nyeusi. Kwa nini mashariki? Kwa sababu upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka upande huo, kwa hiyo moshi wa jaa hauendi huko mara nyingi. Akachagua mahali mbali na barabara, maana Kenya ilitumia petroli yenye risasi mpaka mwisho wa mwaka 2005, na kila gari lililopita miaka hiyo lilinyunyiza risasi kidogo kandokando ya lami. Hakuchukua mfuko mmoja, alichukua mingi, kwa kina kile kile alichochimba kwetu, ili maabara ile ile iipime kwa njia ile ile. Mfuko mmoja ni porojo, akasema. Mingi ndiyo inakuonyesha kawaida inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa sababu hata udongo safi haufanani shimo kwa shimo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye mtego. Kuna kawaida mbili. Ya kwanza ni ya asili, ile ya volkano na mvua. Ya pili ni ya mji: risasi ya petroli, moshi wa viwanda, rangi za kuta, vitu ambavyo vimesambaa kila mahali na havina mwenyewe. Anayetakiwa kulipa gharama za kusafisha huipenda hii ya pili. Atakwambia, "Jamani, Eastlands yote ni chafu, mimi nisafishe mpaka ifanane na Eastlands tu." Yaani ukizoea shida, shida inakuwa kipimo chako.

Unadhani nazusha? Twende Marekani kidogo, maana wao walipitia njia hii mbele yetu. Katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, kuna mahali panaitwa Love Canal. Usidanganywe na jina, hakuna mapenzi. Lilikuwa jina la mtu aliyeanza kuchimba mfereji huko miaka ya 1890 akashindwa. Kati ya mwaka 1942 na 1953 kampuni ya kemikali ya Hooker ilizika humo taka za sumu kama tani 21,000, ikafukia, ikauza ardhi kwa bodi ya shule kwa dola 1. Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa. Mwaka 1978 sumu ikawa inapanda kwenye vyumba vya chini vya nyumba, akina mama wakiongozwa na Lois Gibbs wakapiga kelele, na Rais Carter akatangaza hali ya hatari. Mamia ya familia yakahamishwa.

Kisha likaja swali letu lile lile: je, mitaa ya pembeni inafaa kukaliwa tena? Mwaka 1982 wakala wa mazingira wa Marekani ulitoa utafiti mkubwa ukisema hali ya pale haikuwa mbaya kuliko maeneo ya kulinganishia. Mwaka 1983 ofisi ya wataalamu wa Bunge lao ikasema hapana, kwa ushahidi huo huwezi kuamua. Kazi ikarudiwa. Mwaka 1988 jimbo likaamua: sehemu fulani zinafaa kukaliwa, nyingine hazifai bila kusafishwa kwanza. Na kipimo kilikuwa nini? Mitaa mingine ya eneo hilo hilo. Wakosoaji wakauliza: kuwa sawa na jirani mchafu, huo ni usafi? Nyumba zikaanza kuuzwa tena mwaka 1990. Taka zenyewe ziko pale mpaka leo, chini ya udongo wa mfinyanzi, zimezungushiwa uzio.

Mimi sisemi uamuzi ule ulikuwa uongo. Ninasema aliyechagua mtaa wa kulinganisha alikuwa amekwisha kuchagua nusu ya jibu.

Hata katika damu mambo ni hayo hayo. Kile kiwango cha mikrogramu 10 kilichotumika kwa watoto wetu mwaka 2007, Wamarekani walikishusha hadi 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021. Na wanakipata vipi? Wanaangalia watoto wao wadogo kwa ujumla, wanachora mstari pale ambapo watoto wawili na nusu tu katika kila mia wanazidi. Kadiri watoto wao wanavyozidi kuwa safi, ndivyo mstari unavyoshuka. Kawaida yao inaboreka kwa sababu waliondoa risasi kwenye petroli na rangi. Ungewapima wale 328 wa Dandora kwa mstari wa leo, waliozidi wasingepungua nusu.

Na wala tusiidanganye nafsi kwamba asili ni malaika. Bonde la Ufa lina floraidi nyingi majini, imetoka kwenye mawe yale yale ya volkano, na meno ya kahawia ya watu wa huko ni mashahidi. Asili inakwambia kitu kilikuwepo. Haikwambii kwamba hakidhuru. Kwa hiyo maswali ni mawili na yasichanganywe: nini kiliongezwa hapa, na mtoto anaweza kuvumilia kiasi gani? La kwanza linatafuta mwenye deni. La pili linatafuta usalama.

Mwezi Julai mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora liondolewe katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, malori yakaendelea kupanga foleni. Lakini jaa hufungwa hatimaye, kila jaa. Siku hiyo watakuja watu wenye makoti ya kuakisi mwanga na kompyuta, na mmoja wao atauliza, kama nilivyoulizwa mimi: hapa palikuwaje? Tukinyamaza, watatuwekea kawaida ya kuazima, au kawaida ya kutudharau. Simpson alitupangia udongo wetu mwaka 1913 bila kutuuliza. Je, tumwachie mwingine apange tena?

Ninataka udongo wa kulinganishia uchaguliwe sasa, kabla katapila la kwanza halijawasha injini. Uwe mweusi kama wetu, utoke mbali na moshi na barabara, na orodha ya mashimo yake iwekwe mahali ambapo mama wa Phase Four anaweza kuisoma. Na ripoti iseme waziwazi ni kawaida ipi inayotumika, ya asili au ya mji, na nani aliichagua.

Na wewe, msomaji mwenzangu unayetaka kuwa mwandishi, unayekesha ukitafuta mada kubwa ya riwaya, nina ombi kwako. Nenda kwa mzee wa mtaa wako. Muulize mto ulipita wapi, mti gani ulikuwa kituoni, shimo lilikuwa la kina gani. Andika, weka tarehe. Maabara inaweza kupima udongo uliopo tu. Ule usiokuwepo unahitaji mtu aliyeuona na mtu aliyeandika.

Yule msichana alimaliza digrii yake. Alinipigia simu kunishukuru, akaniambia maneno ya mamangu yameingia katika ukurasa wa historia ya eneo. Nilimwambia mama. Alikuwa nyuma ya nyumba akimwagilia sukuma wiki aliyoipanda kwenye magunia, kwa udongo wa kununua, uliotoka sijui wapi. Akafikiri kidogo.

"Waambie basi na hili," akasema. "Tulipofika, nilipanda sukuma ardhini hapa hapa, na tulikula, na hatukuogopa."

Nimewaambia, mama.